Jiko Lisilo na Paa

Juzi mwanangu alisimama uani kwangu hapa Pito, akaangalia juu ya jiko, akashika kiuno. "Mama, jamani! Bati nimekuezekea wiki iliyopita, umeshalijaza majani?" Nikamwambia aanze na shikamoo, mengine yatafuata. Yalikuwa majani ya maharage. Nilikuwa nimeyatokosa asubuhi, nikapanda kigoda nikayatandaza kwenye shuka kuukuu. Akasema sokoni mboga zipo mwaka mzima, na majirani watanicheka. Wacheke! Wewe mwenzangu, kaa nikusimulie kwa nini siyashushi.

Kwetu zamani kulikuwa nyuma ya kilima, mwendo wa saa moja kutoka barabara ya Matai. Bustani ya Bibi ilianzia mlango wa jikoni: matuta ya mviringo kama tulimavyo Wafipa, nyasi zimefukiwa chini zioze, juu maharage na maboga yamesongamana hadi hupati pa kukanyaga. Mvua zikianza kukatika, tulichuma majani machanga, tukayachovya kwenye maji yanayochemka yenye magadi ya majivu, tukayakamua, tukayaanika. Harufu yake ilinikaa viganjani hadi shuleni, na wenzangu walinitania sana. Adui yetu alikuwa upepo. Upepo wa Ufipa unaujua? Ukigeuka kidogo tu, kazi ya asubuhi nzima iko kwa jirani, na mbuzi wameshaikuta.

Mwaka mmoja ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, kule barabarani. Sikatai, kijiji kilikuwa na shule na zahanati, na hapo ndipo nilipomalizia masomo. Lakini tulihamishwa majani yakiwa ndiyo kwanza yamenona, na kiwanja tulichopewa kilikuwa kichaka kitupu. Bibi alijua hesabu yake: mtungi wa mboga kavu usipojaa sasa, ugali wa ulezi tutaula kwa chumvi mpaka mvua zirudi. Alihamisha kitanda, akahamisha kuku wake, akalala kijijini kama alivyoamriwa. Nikitoka shule alikuwa ananisubiri njiani na kikapu, tunarudi nyuma ya kilima.

Siku ya nne tukawakuta mgambo juu ya jiko letu. Walikuwa wanaezua nyumba zote zilizohamwa ili mtu asishawishike kurudi. Nyasi zilianguka zikiwa nyeusi kwa masizi ya miaka yote ile, na mimi nikaangua kilio. Nililia kweli, mwenzangu, maana nilidhani mboga zetu ndiyo basi tena. Walipomaliza, Bibi aliingia ndani, akasimama kati ya zile kuta, akainua uso. Jua lilikuwa limejaa humo mpaka pembeni, na upepo uliokuwa ukivuma nje haukumgusa hata kitambaa cha kichwani.

Akaanza kucheka. "Asanteni wanangu," akawaambia. "Mmeniongezea jua. Kuta ziacheni hivyo hivyo."

Mgambo wakaangaliana, wakaenda zao. Bibi akafagia masizi, akatandika mikeka ukuta hadi ukuta, akaegemeza mlango mbuzi wasiingie. Majani yaliyokuwa yakichukua siku tatu yakakauka kwa siku mbili, na halikupeperuka hata moja! Mimi niliyekuwa nalia nikawa naimba.

Mjumbe wa nyumba kumi akapata habari, akaja amekunja uso.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, si mliambiwa mhame?"

"Nimehama. Kitanda changu kiko kwenu."

"Sasa nyumbani huku unafanya nini?"

"Nyumbani wapi?" Bibi akamwonyesha juu. "Nyumba isiyo na paa ni nyumba hiyo? Hapa ni uwanjani, baba. Naanika."

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili ili kicheko kisinitoke. Mjumbe aliondoka bila kuaga, na tukaendelea hadi mtungi ukajaa, Bibi akauziba mdomo kwa udongo.

Kiangazi kilipokolea, ardhi ya kijiji kipya ilikuwa imepasuka na hakukuwa na jani. Kwetu kulinukia mboga kavu iliyoungwa karanga. Jioni moja mke wa mjumbe alikuja na bakuli tupu, macho chini. Bibi akamjazia mboga mpaka zikamwagika. "Mwambie mumeo ale ashibe," akamwambia, "ndizo zile za uwanjani." Nilichukia kuona zinatoka. Bibi akanifinya, akasema mboga hazikuanikwa ili zikae mtungini.

Leo kule nyuma ya kilima ni shamba la mtu mwingine. Kuta zilishaporomoka, mtungi ulipasuka, na Bibi tulimzika kijijini, mbali na matuta yake. Matuta yenyewe nayo yamesawazishwa, na inaniuma, siwezi kukudanganya. Nikitokosa majani namrudisha kidogo, harufu ikinikaa viganjani kama zamani.

Mwanangu ameahidi kurudi Jumapili, na anataka akute bati lake jeupe. Karibu sana. Akitaka niache, na yeye apande aezue. Nitaanika ndani.