Mpira Uliopasuka Chini ya Injini

Gari tulilonunua likiwa limetumika lilikuwa na turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini ili iongeze nguvu, lakini likipanda kutoka Mitunguu kwenda Meru lilikosa nguvu kabisa. Fundi alisema turbo imekufa. Mke wangu akataka tuliuze. Mimi sikukubali, kwa sababu turbo ikifa huwa inapiga kelele au kutoa moshi, na yetu ilikuwa kimya. Nilifungua boneti, nikamwomba akanyage mafuta.

"Unasikia nini?" aliuliza.

"Upepo unatoroka. Kanyaga tena!"

Nikapapasa mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini, nikakuta umepasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana. Tulifunga mpya. Siku hiyo aliendesha yeye, akayapita malori ya ndizi mlimani huku akicheka. Habari ya kuuza ikaisha.