Nilivyopewa kuitetea Malawi kwenye mgogoro wa Ziwa Nyasa, hapa hapa London

Wakuu, salaam kutoka Walthamstow. Nataka niwasimulie kilichonikuta darasani kabla utamu wake haujaniisha. Chumvi sijaweka, na palipo na aibu yangu nimeiacha ilivyo.

Mimi ni mtu wa Kyela. Nilikuja kusoma masters ya international relations, mwajiri wangu wa nyumbani ndiye anayenilipia. Sharti lake moja tu: nisifeli.

Na muhula wa kwanza nilishafeli module moja. Nikifeli ya pili, ni tiketi ya kurudi.

Iliyobaki ilikuwa negotiation. Mtihani wake hamuandiki. Mnapewa mgogoro wa nchi mbili jirani, mnagawanywa pande mbili, mnafungiwa chumbani masaa matatu. Mkitoka na makubaliano yaliyosainiwa, safi. Mkitoka mikono mitupu, alama zinaporomoka.

Lecturer wetu, mama wa Kiingereza aliyewahi kufanya kazi ubalozini, akabandika list. Mgogoro: mpaka wa Ziwa Nyasa. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji. Malawi inasema maji yote ni yake, mpaka ufukweni kwetu.

Kiongozi wa upande wa Malawi: mimi.

Kiongozi wa upande wa Tanzania: Atupele.

Nikashusha pumzi. Atupele si jina la kwetu kabisa hilo? Nikamfuata na Kiswahili changu, "Dada, habari za Kyela?" Akacheka, akanijibu kwa English kwamba yeye ni wa Karonga, Malawi, na Kiswahili anajua cha sokoni tu.

Kwa wasiojua: Kyela na Karonga tumetenganishwa na Mto Songwe. Sisi Wanyakyusa na wao Wangonde lugha ni karibu moja, na majina ni yale yale. Yule mama alitupanga hivyo makusudi.

Kosa langu nikamwambia Sudi, Mpemba ninayepanga naye nyumba moja. Jioni ile ile akatupia kwenye group la Watanzania wa London: "Kuna mtu humu anakwenda kuuza ziwa." Wakuu, nilisulubiwa. Nilijifanya nacheka, lakini iliniuma.

Nikasoma hoja za Malawi wiki mbili. Siku moja nimo kwenye treni ya Victoria line nikajikuta nasema moyoni, hawa jamaa nao wana hoja. Nikaona haya, kana kwamba abiria wamenisikia.

Siku ikafika.

Saa ya kwanza, ramani. Saa ya pili, ramani tena. Atupele hakuwa na mchezo. Aliitetea Tanzania mpaka nikajiona mimi ndiye mgeni Kyela. Maelekezo yangu ya siri yalinikataza kukubali neno "katikati". Ya kwake, nilikuja kujua baadaye, yalimkataza neno "ufukweni".

Zikabaki dakika arobaini. Mjerumani mmoja wa timu yangu akaanza kufunga laptop yake. Mimi naiona ndege ya kurudi.

Nikaomba break. Tukasimama koridoni, mimi na Atupele. Nikamwambia kwa Kinyakyusa, polepole, kwamba nimechoka. Akanijibu kwa Kingonde chake.

Nikaelewa kila neno!

"Shangazi yangu alijifungulia Kyela," akasema, "maana nesi wa karibu alikuwa huko. Hakuna aliyemuuliza mpaka unapita wapi."

"Na mama yangu kila wiki anavuka kwenda sokoni kwenu," nikasema. "Sasa kwa nini sisi tumeanza na mstari?"

Tukarudi ndani, ramani tukaiweka chini ya meza. Mpaka tukauandikia sentensi moja tu: kila nchi inabaki na dai lake, litazungumzwa siku nyingine. Kisha tukaandika yale yanayowagusa watu. Chombo kikizama, aliye karibu aokoe bila kuuliza bendera. Mgonjwa apokelewe upande wowote. Nyavu haramu zikaguliwe na pande zote mbili kwa pamoja, ila mvuvi asikamatwe kwa sababu ya mahali alipotupa nyavu zake.

Dakika sita zimebaki, Mjerumani akauliza, "Na ziwa lenyewe tuliandikeje? Nyasa, au Lake Malawi?"

Hata jina linagombaniwa, wakuu! Tulikuwa tunafia mlangoni.

Atupele akanitazama. "Andikeni 'the Lake'."

"L kubwa," nikaongeza.

Tukasaini.

Lecturer akaisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema tangu aanze kutoa zoezi hilo hajawahi kupokea karatasi yenye saini zote mbili. Darasa likalipuka kwa makofi. Mimi mtu mzima nilipiga kelele kama nimefunga goli dakika ya tisini. Atupele akanikumbatia, "Ndaga fijo," yaani asante sana, kwao na kwetu.

Matokeo yakatoka: sisi wawili ndio tulioongoza darasa. Sirudi nyumbani bila cheti.

Jumapili nikampa Sudi ile karatasi. Aliisoma huku anakaanga samaki, mkono mmoja kwenye mwiko.

"Aliyesimama upande wetu huyu kaiva," akasema. "Hakutoa hata shubiri ya maji. Mtanzania gani huyo, tumwalike chakula?"

"Mmalawi. Wa Karonga."

Sudi akausahau mwiko mpaka samaki wakaanza kuungua. Kisha akazima jiko, akachukua simu, akaandika kwenye group: "Nafuta kauli. Na ziwa lipo."

Nilichojifunza: jirani hahami, na wewe huhami. Kabla hujambishia, jaribu kuibeba hoja yake siku moja tu, uone uzito wake. Huko si kusaliti nchi. Mimi naipenda yangu kuliko mwanzo.

Wadau wa Tunduma, Namanga, Mutukula, Rusumo na kwingine mipakani, nyie mnaishije na wenzenu wa ng'ambo? Wanaonipinga nao waje, nipo na kahawa yangu nawasoma.