Pembe za Vitenge

Jambo la kwanza nililofundishwa nilipokalia cherehani, kabla hata ya kutunga uzi kwenye sindano, ni kurudisha mabaki. Mteja akileta kitenge, ukamkatia blauzi na sketi, vipande vyote vinavyobaki, hata kile chembamba kama ulimi, unavikunja na kumpa mkononi. Usipompa ataviuliza. Huku Kolwezi kipande cha nguo ya mtu si takataka. Mwenye nia mbaya akikipata atakipeleka kwa mganga, na mwenye nguo ataanza kukonda bila ugonjwa. Mimi ni Mkatoliki, na sijui kama ninaamini hayo. Lakini mabaki nilirudisha miaka yote, na ndiyo maana wanawake wa mtaa wetu wa Manika waliniletea nguo zao bila wasiwasi.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba sikujua.

Rafiki yangu alikuwa mkubwa kwangu. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, naye aliniita mudogo, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja wala kabila moja. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Watu wangu walishuka kutoka kaskazini ya Katanga. Kwa hiyo utani haukuisha. Nikimpelekea bukari, ugali wetu, ikiwa imelainika, alisema watu wa kwetu hatuna nguvu ya kusonga. Nami nilimwambia watu wa kwao wana nguvu ya mdomo tu.

Alihamia nyumba ya ukuta mmoja na yangu akitokea mtaa wa Kasulo. Kule jirani yake alichimba kobalti chini ya sebule yake mwenyewe, akaufuata mshipa wa madini mpaka chini ya chumba cha yaya. Mvua zilipoanza, sakafu ilizama pamoja na kabati. Hakuna aliyekufa, na watu walimwambia amshukuru Mungu, naye akamshukuru. Lakini ndani ya kabati zilikuwamo picha zake zote: harusi yake, ubatizo wa binti yake, mumewe marehemu akiwa na kofia ya kazi. Zilitolewa kwenye tope zikiwa zimegandana, na alipojaribu kuzibandua, nyuso zilibaki upande wa pili. Alichookoa kikiwa kizima ni sanduku la bati la vitenge vyake.

Tulianza kwa kusoma. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemchukua macho, na mtu aliyependa vitabu kama yeye, kukaa bila kusoma ilikuwa njaa. Karibu na soko la Manika kuna baba mmoja anayeuza vitabu vilivyotumika, amevitandika chini juu ya turubai. Nilinunua chochote alichokuwa nacho: riwaya za Kifaransa zisizo na jalada, maisha ya watakatifu, hata kitabu cha kufuga nyuki. Alasiri, vumbi la malori likitulia kidogo, nilikaa mlangoni pake nikimsomea, Kifaransa nikikigeuza Kiswahili papo hapo. Hakunyamaza hata ukurasa mmoja. Mpelelezi wa riwaya akimkosa muuaji, yaya aligonga mkongojo sakafuni.

“Uyu bwana ni mujinga kweli. Muuaji njo ule mupishi. Mi nilishamuona tangu asubui.”

Na mara nyingi alikuwa ndiye mpishi. Nilimchukia kwa hilo.

Ilikuwa miezi ya baridi nilipomsomea gazeti la zamani la wanawake, sehemu ya kazi za mikono. Lilieleza namna ya kutengeneza kitabu cha kumbukumbu: unabandika picha, tiketi za safari, maua makavu, na pembeni unaandika habari zake. Yaya alicheka.

“Mi sina hata photo moya. Nitabandika nini? Udongo ya Kasulo?”

Nilicheka naye. Kisha nikageuza ukurasa nikidhani yameisha. Akaniambia nimletee lile sanduku.

Alitoa vitenge kimoja kimoja akivipapasa kwa vidole, maana rangi hakuziona tena vizuri. Alivijua vyote. Hiki ni cha harusi. Hiki nilivaa kwa kilio cha mume wangu, tulivaa ukoo mzima, watu wakajaa barabara. Hiki ni cha wamama wa parokia. Hiki cha buluu chenye ndege, mume alinunua siku mutoto alizaliwa, akakosea akanunua mita pungufu, sikuweza kushona kitu. Halafu akasema nikate pembe ya kila kimoja, ndogo tu, tubandike.

Nilikataa. Nilimwambia wazi kwamba fundi hakati pembe ya nguo ya mtu akabaki nayo.

“Yaya, batu batasema.”

“Batasema nini? Ni bikwembe byangu, bitenge byangu mwenyewe. Ni mikono yangu.”

“Siku moya habitakuwa byako tena.”

“Siku ile, mudogo, sitakuwa hapa kwa kusikia.”

Akachukua mkasi mwenyewe. Alikata kile cha harusi kwa kupapasa, na mkato ukaenda upogo, ukaingia kwenye ua lililochorwa katikati. Sikuweza kuvumilia. Fundi ana maradhi yake. Nilimnyang’anya mkasi, nikanyoosha ule mkato, na baada ya hapo nikakata vyote vilivyobaki.

Kitabu tulikitengeneza kwa kalenda kuukuu, za parokia na za maduka. Niligeuza upande mweupe, nikazikunja na kuzishona katikati kwa cherehani. Gundi tulipika kwa unga wa muhogo, nao mende waliipenda kuliko sisi. Yaya alipaka gundi, akaweka kipande, akakikandamiza kwa kiganja mpaka nikamwambia basi. Halafu alisema maneno, nami nikaandika. Nilijaribu kuyasafisha yawe Kiswahili cha shule, akanikataza. Aliniambia binti yake akisoma atataka kusikia mama yake, si mwalimu.

Tulikifanya kwa ajili ya binti yake. Yeye anaishi Lubumbashi, ana kazi ya ofisini, na aliondoka nyumbani mapema kwa masomo. Alikuwa hajui lolote kuhusu baba yake isipokuwa kofia iliyokuwa kwenye picha, na sasa picha haipo. Yaya alitaka kumwachia kitu cha kushika. Hakutaka lingine. Alimdokezea kwenye simu kwamba tunabandika vitambaa, binti akasema vizuri, mama, na wakaendelea na habari za dawa.

Sijawahi kuwa na mwaka kama ule. Nilifunga kazi mapema, wateja wakanung’unika. Tulisoma, tulibandika, tuligombana. Alinihadithia kitenge kimoja mara mbili na mara ya pili mume alikuwa amekinunua Likasi badala ya sokoni hapa. Nilipomuuliza ipi ni kweli, alisema niandike ile nzuri. Pembe ya kile cha buluu chenye ndege tuliiweka ukurasa wa kwanza. Alisema kitenge hicho ndicho atakachozikwa nacho, kwa kuwa hakikuwahi kutosha kitu kingine.

Mvua ziliporudi, mguu wake ulikuwa na kidonda kisichopona. Hospitali ilifanya ilivyoweza. Alifariki Jumapili, watu wakitoka misani, na mimi nilikuwa nimekwenda nyumbani kumpikia uji. Sikumkuta. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tulimvika kile cha buluu. Mimi mwenyewe nilimfunga, na upande wenye pembe iliyokosekana niliukunja ndani.

Kilio kilipokwisha, wanawake wa ukoo walikaa kugawana nguo. Ndivyo inavyofanyika: nguo za marehemu hazibaki sandukuni, kila mwanamke wa ukoo anapata kitu cha kumkumbukia. Aliyesimamia ni shangazi yake yaya, aliyekuja kwa basi kutoka Kasai, mama mkavu mwenye sauti ndogo, asiyenijua. Nilikuwa uani nikiosha sufuria. Alikunjua kitenge cha kwanza, akakiinua. Akakunjua cha pili. Wakati wa cha tatu, maneno yalikoma chumbani, nami nikajua kabla sijaitwa.

“Nani alikata hii bikwembe?”

Niliingia mikono ikiwa na majivu. Nikasema ni mimi.

Nilikwenda nyumbani mbio, nikarudi na kitabu, nikakifungua mbele yao. Nilieleza kila kitu. Nilisoma ukurasa wa kilio cha mume, kwa maneno yake yaya, na kwa namna yake ya kusema, na wanawake wawili walilia. Binti wa yaya alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya shangazi. Nilimtazama ili aseme kwamba mama alimwambia. Aliinamisha kichwa. Mtoto hasemi mbele ya wakubwa kabla ya kuulizwa, najua, hata akiwa na kazi ya ofisini. Lakini nilimtazama muda mrefu.

Shangazi alifuta macho kwa pindo la nguo yake.

“Mi minakuamini, mama. Nimesikia sauti yake pale. Lakini hii bikwembe itavaliwa na banamuke benye habako hapa. Bataona pembe haiko. Habatalala.”

“Sasa mama, unataka nifanye nini?”

“Kila kipande kirudie kwa kikwembe yake. We njo fundi.”

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningegombana naye, na kugombana kungenisaidia.

Nilileta cherehani pale uani. Nilibandua vipande kwa maji ya uvuguvugu na kisu cha kupakia siagi, ukurasa kwa ukurasa, mbele ya macho yao. Gundi ya muhogo haikatai maji. Nikavikausha kwa pasi ya mkaa na kuanza kuvishona, kila pembe mahali pake, maua yakikutana na maua, mshono mdogo kadiri nilivyoweza. Ile kazi sijapata kufanya safi kama hiyo. Cha harusi ndicho kilichonishinda, kwa sababu ya ule mkato wake wa upogo niliounyoosha: uzi mmoja wa kitambaa ulikuwa umepotea, na ua halikufunga. Nililia juu ya ua lile, nikiendelea kukanyaga cherehani.

Kikabaki kipande cha buluu.

Kitenge chake kilikuwa ardhini. Hakuna aliyetaka kukigusa kile kipande. Shangazi alisema hicho ndicho kibaya kuliko vyote, nguo ya marehemu mkononi mwa aliye hai. Kesho yake tulipanda pikipiki mbili, mimi kwenye moja, shangazi na binti kwenye nyingine, tukaenda makaburini. Nilichimba kwa mkono upande wa kichwa, udongo ulikuwa bado mlaini, nikakitia. Binti alisimama pembeni. Shangazi alisali. Kisha wakaondoka na vitenge vyao, na mimi nikarudi na kitabu.

Bado ninacho. Kila ukurasa una doa la gundi lenye pembe tatu, na pembeni maneno: hiki mume alinunua siku mutoto alizaliwa. Hiki. Kipi? Ukiyasoma bila kitambaa ni kama kusikia mtu anaongea kwa simu, humwoni anayeongea naye. Kwa hiyo sikuwahi kumpelekea binti. Ningempelekea nini?

Wateja walipungua. Hakuna aliyeniambia neno usoni, lakini lisemwalo lipo, ndivyo watu wanavyoamini, na habari ya fundi aliyekata vitenge vya marehemu ilitembea haraka kuliko pikipiki. Waliobaki walisimama nyuma ya bega langu nikikata, wakihesabu vipande kwa macho. Niliwaelewa. Nilichukia kwamba niliwaelewa. Alasiri sikusoma. Yule baba wa vitabu aliniwekea riwaya moja ya upelelezi, nikaisoma kurasa chache, nikajua sitamjua muuaji mpaka mwisho, nikaifunga.

Mwishoni mwa mvua binti yake alikuja Kolwezi. Alibisha, akaingia, akakaa kwenye kiti cha wateja akiwa na mfuko wa plastiki. Tuliulizana juu ya afya, na barabara ya Lubumbashi, na umeme. Mama yake hatukumtaja. Alitoa kitenge kipya, kijani, akataka blauzi na sketi, za kawaida tu. Nilimpima. Ana mabega ya yaya, moja limeshuka kidogo. Hilo sikulijua, na mikono yangu ilisimama pale kwenye utepe.

Alirudi kuchukua nguo siku iliyofuata. Alivaa, ikamkaa. Nilikunja mabaki kama kawaida, yote, hata vipande vyembamba, nikayatia kwenye mfuko juu ya nguo yake ya zamani ili ayaone. Akayatoa. Akayaweka juu ya meza ya cherehani, mbele ya mteja mwingine aliyekuwa anasubiri, akayalaza vizuri kwa kiganja, akikandamiza kama anabandika.

“Hibi ubaki nabyo, tantine,” alisema, kama anavyoitwa mama mdogo huku kwetu. “Na ile kitabu, nikirudia, unisomee.”

Aliondoka kupanda basi. Yule mteja alinitazama, akatazama vipande.

Gundi ya kuvibandika kitabuni nimeshapika mara mbili, ikaganda sufuriani nikaitupa. Vipande vya kijani bado viko mezani, chini ya mkasi, visije vikapeperushwa.