Shangingi la Aliko kwenye Maji ya Ngonga

Dau kreti nzima ya soda, hakuna atakayeamini hili: shangingi la Aliko lilivuka maji yaliyolishinda trekta, halafu likaja kusimamishwa na mwanamke anayetabasamu.

Aliko ni mnunuzi wa kakao pale Makwale. Shule aliiacha darasa la tano, na akikusimulia anakuwa anajisifu. Mwaka kakao ilipopanda bei wenzake walijenga. Yeye akateremka kutoka Dar na gari refu jeusi, viti saba, ndani linanukia kama duka la viatu vipya. Kuanzia Makwale hadi Ipinda watu wakacheka. Baba yake, Mzee Anyisile, hakucheka.

"Hela hiyo ungepata malori," alisema. "Wewe umenunua sebule yenye matairi."

"Tata, subiri mvua."

Mvua ikaja. Na siku barabara ya Ngonga inafunikwa na maji ndiyo siku ya kumposea mke Lugano, mdogo wake Aliko, ambaye alishatangulia huko tangu jana. Wazee wa binti walikuwa wameahirishiwa mara mbili. Wakasema baba mtu asipotokea leo, mambo yaishe, binti ana wachumba wengine. Pikapu ya kukodi ilifika kwenye maji, ikageuza.

"Panda, Tata," Aliko akasema. "Leo utaona bei ilikwenda wapi."

Tatizo Ikupa, mke wa Aliko. Mchele na kuku wa posa vilikuwa mikononi mwake, lazima aende. Na kwa wazee wa Kinyakyusa kama Anyisile, baba mkwe na mkamwana hawaonani uso. Akisikia kikohozi chake tu, Ikupa huchepukia migombani. Aliko hakubabaika. Akatundika kanga mbili katikati ya gari: Mzee mbele, Ikupa nyuma kabisa na kuku wake.

"Lori lingekuwa na chumba cha mkamwana, Tata?"

"Endesha."

Wakaingia. Maji yakapanda mpaka kwenye taa, Mzee kakamata mshikio kwa mikono miwili, midomo inasali. Vijana waliokaa juu ya trekta lililokwama wakapiga miluzi. Aliko akashusha kioo.

"Niwaletee chai?"

Ng'ambo wakakuta lori la mpunga limelala kwenye tope, limeziba njia. Ikabidi arudi nyuma kidogo apite pembeni.

"Mama, shuka uniongoze," akamwambia Ikupa, kama walivyozoea enzi za pikapu yao. Ikupa akashuka, akasimama nyuma ya gari. Aliko akaweka rivasi.

Kioo cha kwenye dashibodi kikawaka. Sura ya Ikupa ikajaa humo, pana kama ungo, meno yote nje, mkono unaita: njoo, njoo.

Mzee akajifunika uso kwa kofia. Akafungua mlango, akatua kwenye tope na suti yake.

"Nimemwona mkamwana. Siendi popote."

"Tata, ile picha tu!"

"Picha gani inanipungia mkono?"

Ngonga wazee wanatazama jua, na baba yake kageukia mashambani kama mlingoti. Ndipo sauti ya Ikupa ikatoka nyuma ya gari, ikimwita mumewe kwa jina la mtoto wao:

"Baba Tumpale, mwambie baba natoa kuku kumwomba radhi. Wangu mwenyewe, siyo wa posa."

"Jogoo au tetea?" Mzee akauliza, bila kugeuka.

"Jogoo."

"Mkubwa?"

"Anawika mpaka Ipinda!"

Mzee akangoja Ikupa arudi nyuma ya kanga. Kisha akapanda, kofia akakivika kile kioo.

Ngonga waliwakuta wazee wa binti wameshanyanyuka, wanakung'uta suruali.

"Mmepitaje na maji haya?"

"Mwanangu ana gari," Mzee akajibu, akakaa. Posa ikapokelewa.

Sasa muulize Aliko kama bei ilikuwa kubwa. Atakwambia walimuuzia kwa bei ya kutupa.

Ila kitu kimoja alikosea. Kamera ya nyuma alishailipia, hakuwa na haja ya kumshusha Ikupa.