Singapore kwa Miguu

Ndeshi alikuwa jikoni akikata nyanya za kachumbari, na kila aliposikia sauti ya mumewe sebuleni kisu kilizidi kugonga ubao. Vicent alikuwa ameunganisha simu yake na televisheni. Wageni wao, Kanana na mumewe Mark, Wakenya wanaosali nao kanisa moja, walikuwa wamekaa kwenye kochi na sahani za pilau mapajani, wakionyeshwa Singapore.

"Mtu lazima atembee, Mark," Vicent alikuwa akisema. "Mwenda bure si mkaa bure."

Methali hiyo Ndeshi alikuwa ameisikia hadi akatamani kumpata aliyeitunga, amweke zamu ya masaa kumi na mawili katika nyumba ya wazee anakofanya kazi hapo Carrollton, Texas, halafu amuulize vizuri habari za huyo mkaa bure. Miaka kumi na minne sasa alikuwa akiwageuza wazee vitandani, akiwaogesha, akikimbilia kengele kutoka mwisho mmoja wa korido hadi mwingine. Kazi ile haina kiti. Kiti kipo kimoja, cha kuandikia taarifa, na ukikikalia tu kengele inalia. Mishipa ya miguu ilikuwa imemvimba na kujisokota, na soksi za kubana alizoandikiwa na daktari, kuzivaa alfajiri ilikuwa vita tosha.

Vicent yeye kazi yake ni mji wa jirani, Richardson, mbele ya kompyuta, kwenye kiti kinachozunguka chenye mto wa mgongo. Mwaka jana kampuni ilimnunulia meza inayopanda na kushuka, ili akitaka afanye kazi amesimama. Akaja nyumbani kusifu kusimama. "Kusimama ni afya, Mama Queen," alimwambia mwanamke aliyekuwa amelala sakafuni, miguu kaiegemeza ukutani ishuke uvimbe. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na aliyekaa hamjui aliyesimama.

Kwa hiyo ndoa yao ilipotimiza miaka ishirini, na binti yao Queen yuko chuoni Houston, Vicent akasema, "Nitakupeleka kutembea Singapore," Ndeshi alisikia kule kutembea kwa wenye bahati: kukaa kwenye ndege, kukaa kwenye basi la watalii, kukaa mezani ukaletewa chai. Aliomba likizo, akanunua magauni mawili. Hakujua kwamba mumewe alikuwa anasema kutembea kwa maana ya nyayo.

Siku sita walitembea. Chumba walichopanga hakikuwa na dirisha. Kila asubuhi Vicent alifungua ramani kwenye simu, akataja vitu vyote vya bure vya mji ule, kisha wakaenda kuvifuata kwa miguu kwenye joto linalokamua watu kama nguo. Treni zilipita chini yao, safi, zenye baridi, zenye viti. "Vituo vitatu tu hivyo, nauli ya nini?" Sanamu la simba linalotema maji waliliona kwa miguu. Bustani ya miti ya chuma waliiona kwa miguu, kutoka nje, kwa sababu kwenye nyumba za vioo za maua kulikuwa na kiingilio. Hata kwenye soko la vyakula, mahali pekee alipopata kukaa, waliagiza wali na kuku sahani moja, vijiko viwili, na kabla hajameza tonge la mwisho mume kashasimama na begi mgongoni.

Huyu ndiye mtu ambaye Texas huwasha gari kwenda kutumbukiza barua kwenye sanduku la mwisho wa mtaa!

Ndeshi aliomba kitu kimoja. Aliviona vile vijumba vya kioo vinavyoning'inia kwenye waya na kuvuka juu ya bahari kwenda kisiwa cha Sentosa, watu wawili wawili wamekaa ndani wanatazama meli. Akamshika mumewe mkono. "Baba Queen, tupande hiki. Nikae na wewe, basi. Sitaomba kingine." Hakuwa anataka bahari, wala meli. Alitaka kwa mara moja mumewe aone kwamba amechoka, aketi karibu naye, asiwe na haraka. Hilo tu.

Vicent alitazama bango la bei, akatazama simu. "Daraja lipo," alisema. "Bure kabisa."

Wakavuka kwa daraja. Vijumba vilipita juu ya vichwa vyao, na Ndeshi aliona nyayo za viatu vya watu waliokaa.

Sasa alitoka jikoni na bakuli la kachumbari, na kwenye televisheni kikawa kimetokea kijumba kile kile, kimepigwa picha kutoka chini.

"Hiki sasa ndicho tulichovukia," Vicent alisema. "Aisee, mkiwa juu kule! Bahari yote iko chini yenu. Na mwezi wa kumi nampeleka Seoul. Tiketi nimeshakata, nilitaka asikie mbele yenu."

Mark alipiga makofi. Kanana alimgeukia Ndeshi. "Mama Queen, na huku-panic hapo juu? Mimi heights hunimaliza kabisa."

Ndeshi alijua jibu la mke mwenye adabu. Alifundwa kwamba mume husitiriwa, na kwamba ya ndani hayatolewi sebuleni. Miaka ishirini alikuwa amemsitiri, na leo mikono imejaa bakuli, hakupata cha kumfunikia.

"Sijui juu kukoje," alisema. "Sikupanda. Hata yeye hakupanda. Tulipita chini, kwa miguu."

Mark akajifanya anatafuta mfupa kwenye pilau. Vicent akacheka peke yake, kicheko kikakatika njiani.

Wageni waliaga jua likiwa bado kali, chai haijamiminwa. Mlangoni Kanana alimkumbatia Ndeshi, akamnong'oneza, "Woiye, pole dadangu. Mimi ni nurse, hiyo miguu naielewa." Ndeshi alikaribia kulia, akajizuia hadi gari lao likate kona.

Aliporudi ndani Vicent alikuwa amesimama katikati ya sebule, uso umekunjamana.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Ulijivua mwenyewe. Mimi niliulizwa."

"Nakupeleka ng'ambo ya dunia, unanilipa aibu! Wanawake wangapi hapa Dallas wanapelekwa Singapore?"

"Hukunipeleka. Nilijipeleka, kwa miguu yangu. Na Seoul utakwenda peke yako."

"Tiketi hazirudishwi!"

"Basi kiti changu weka begi. Angalau litakaa."

Vicent alipiga meza kwa kiganja. "Ungesema umechoka! Mimi si mganga. Ungesema!"

"Nilisema darajani. Nilisema kwenye miti ya chuma. Nilisema kule sokoni, ukaniambia nimalizie kula njiani. Nilisema humu ndani miaka yote, nimelala pale chini, miguu ukutani. Ulidhani nafanya sala?"

"Mimi nilidhani unapenda kutembea!" alifoka, na haikuwa sauti ya uongo. Alichukua simu mezani, akaipekua, akamnyooshea. "Si hii hapa? Ile app ya kuhesabu hatua, aliyotuunganishia Queen. Juzi mimi hatua elfu mbili, wewe elfu kumi na saba. Jana elfu kumi na nane. Kila siku unanishinda. Kazini nawaonyesha, nawaambia mke wangu ana miguu, hachoki huyu. Nikasema nitamtafutia mji wa kutembea. Mimi nilitaka ufurahi!"

Ndeshi aliipokea simu. Akatelezesha kidole, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, miaka minne. Zilikuwepo zote. Zamu mbili za mkesha wa Krismasi zilikuwepo. Siku ile aliyorudi akitambaa kwenye ngazi, ilikuwepo.

"Hii ni kazi, Vicent," alisema. Hakumwita Baba Queen. "Hizi ni zile kengele."

Vicent alinyoosha mkono kuichukua simu; Ndeshi hakuiachia.

"Kwa hiyo ulikuwa unaziona."

"Mama Queen..."

"Mimi miaka yote najiambia huoni. Huyu hukaa ofisini, atajuaje, nimvumilie. Kumbe kila siku ulikuwa unaziona."

Alimrudishia simu. Vicent akaiweka chini polepole, akatazama huku na huku kama mgeni, kisha akavuta kiti cha karibu na kumsogezea.

Ndeshi hakukaa.