Jiwe la Malogo Liko Chini ya Mnara wa Mpakani

Akili yangu inakataa mpaka leo. Malogo amekufa kwao Haneti, homa ya siku tatu tu, na mimi nipo hapa stesheni Dodoma nabeba magunia kama vile hakuna kilichotokea.

Karatasi hii naibandika ukutani kwa muuza kahawa kwa sababu hapa ndipo mnaponisikia nikijisifu kila siku. Anayejua kusoma awasomee wenzake. Mwandiko msiucheke. Shule nilikaa misimu miwili, mwalimu akasema inanitosha, nami nikakubaliana naye.

Ninyi mliokuja na garimoshi hamtujui. Kabla ya reli, mimi na Malogo tulikuwa wapagazi. Tulikwenda na Bwana mmoja Mdachi, mpima ardhi, siku nyingi kaskazini kupita Kondoa, hadi pale nchi ya Wadachi inapogusana na ya Waingereza. Kazi yetu ilikuwa kupanda kila kilele cha mpakani na kujenga mnara wa mawe juu yake, ili Bwana auone kwa darubini akiwa kilele kingine.

Njia hakuna. Ni panga, miiba, upupu na matusi.

Malogo alitangulia na panga. Alivyokuwa akikata, ungedhani kile kichaka kimemtukania mama yake.

Chakula chake mlenda mkavu, kifuko kizima, hata kileleni. Mnyapara wetu, Mrangi mmoja mswalihina, alimuuliza, "Hivi wewe Malogo, huko mbinguni kwenu nako kuna mlenda?"

"Kama hakuna, mnyapara, nitarudi."

Leo siku ya tisa hajarudi. Basi upo.

Tulikuwa na sheria yetu wapagazi. Wa kwanza kufika kileleni anaweka jiwe la kwanza la mnara, na jioni hapiki. Wa mwisho anaitwa Mkia mpaka kilele kinachofuata, apatikane Mkia mwingine. Mimi nimekuwa Mkia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kwenye ndewe, lile tundu la sikio mnaloliona kwetu Wagogo, Malogo alivaa jiwe jekundu la shambani kwa mama yake. Nilikuwa namchokoza, "Hilo litakuvunja shingo. Utalitua lini?"

"Kile kirefu cha mwisho," alisema. "Nataka mpaka wa hawa mabwana ukae juu ya jiwe la kwetu."

Kile cha mwisho kilikuwa mlima wa mawe meusi, na kichaka chake unakipita kwa kutambaa. Katikati nikateguka kifundo cha mguu, nikakaa chini, nikalia. Ndiyo, nililia. Msomaji, rudia hapo kama hawajasikia.

Malogo alikuwa ameshafika juu. Nilimsikia akipiga mluzi. Halafu nikasikia matawi yanavunjika, akatokea.

"Umekufa?"

"Karibu."

"Basi twende nikakuzike juu. Hapa pana siafu."

Akanibeba mgongoni mpaka kileleni, akaniketisha kando ya lile jiwe jekundu alilokwisha kuliweka. Akaangalia chini tulikotoka, akasema, "Mzigo wako." Nyote mnajua mpagazi aliyeacha mzigo porini alikuwa anapata nini. Kiboko. Akashuka tena kuufuata.

Huku nyuma Bwana akafika na wenzetu, akanikuta nimekaa peke yangu kileleni.

"Wewe wa kwanza?"

Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Akanipa kisu chake. Ndicho hiki ninachokatia nyama mbele yenu.

Malogo akafika baada ya watu wote, mzigo wangu kichwani, ana damu ya miiba mpaka kwenye kope. Wenzetu wakapiga kelele, "Mkia! Mkia!" Aliniangalia. Mimi nikaangalia kisu. Akacheka, akaanza kupanga mawe nasi juu ya lile jekundu, mpaka likafunikwa kabisa.

Na kwa kuwa hapakuwa na kilele kingine, jina likamganda.

Wakimuuliza sikio mbona tupu, alisema jiwe limemezwa na kichaka. Siku moja nikamuuliza kwa nini hasemi nani alifika wa kwanza. Akaniambia, "Wewe ukinyang'anywa maneno unabaki na nini?"

Nikacheka sana. Leo sicheki.

Siku ile mazikoni mwenzetu mmoja akasema, "Haya, safari hii Mkia katangulia." Watu wakatabasamu. Mama yake Malogo akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Baba, wewe na yeye mlikuwa pamoja. Ni kweli mwanangu alikuwa wa mwisho?"

Mimi, mdomo wote huu mnaoujua, nikamjibu, "Shikamoo mama." Na asubuhi nilikuwa nimeshamwamkia.

Basi jibu lenyewe ni hili. Wa kwanza kilele cha mwisho alikuwa Malogo. Mimi nilifika mgongoni mwake kama mtoto. Kesho kutwa naenda Haneti kumsomea mama karatasi nyingine kama hii, na kisu namwachia yeye. Anayebisha aende mpakani abomoe mnara. Chini kabisa, kwenye mawe meusi, atakuta moja jekundu. Ila awaombe ruhusa kwanza askari wa pande zote mbili.

Mwenye lake la kusema juu ya Malogo aandike hapo chini kwa mkaa. Lakini nikikuta mtu kaandika Mkia, huo ukuta ataulamba.

Malogo, umelala huko Haneti na sikio lako tupu. Pumzika, ndugu yangu. Mzigo uache hapo hapo, safari hii nashuka kuufuata mimi.