Beseni Katikati ya Nyanya

Harufu ya majani mabichi ya nyanya hunirudisha Kitale, nyuma ya nyumba yetu, ambako mimi na baba tuliishi wawili tu mwaka ule mama alipoenda kwao Bungoma.

Sitawaficha, baba na mama waligombana juu ya maji. Kwetu mvua haikawii, lakini baba akishashika jambo halimtoki. Kila jioni alipanda pampu ya kukanyaga akazimwagilia nyanya za mama, hata kama mvua ilikuwa imenyesha mchana huohuo. Mama alimwambia mpaka akachoka. Nyanya zikaoza shambani.

"Baba Nekesa, wewe hata mvua ikinyesha unamwagilia," mama alisema akifunga mzigo. "Si ni kama naongea na ukuta?"

Mimi niliambiwa ati anaenda kumuuguza kukhu, mama yake, nami nikaamini. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Nikitoka shule nilikuwa naongea na paka.

Kisha baba akaenda mafunzo ya wakulima kule Mabanga, akarudi na beseni. Aliliweka katikati ya shamba, akalifunika wavu mbwa asinywe, akalijaza maji hadi kwenye mstari aliouchora kwa msumari. Jioni tuliinama pamoja kulichungulia. Maji yakishuka chini ya mstari, jua limekunywa, na nyanya zimekunywa karibu kiasi hicho, basi tunazirudishia. Mvua ikiyapandisha tena, pampu inalala. Majirani walicheka wakashika mbavu, maana nani hupima maji Kitale? Baba hakujali. Mimi nilizipenda jioni hizo kwa sababu ndipo alipoongea.

Nyanya zilitoka nzito, hazina doa. Baba alichagua zilizo bora, akazipanga kwenye kreti, akavaa koti la kanisani. Mimi nilikuwa nimetandika kitanda chao shuka safi kabla ya kutoka.

Tulipofika Bungoma, mama alizigeuza mkononi moja moja. Baba alimweleza habari za beseni, mstari na jua, hakuruka kitu. Hakusema lingine.

"Kumbe mnaweza," mama akasema polepole. "Hata bila mimi."

Akatuchinjia kuku, akampa baba firigisi, akatusindikiza hadi barabarani. Nilishiba, nikadhani mambo yametengenea. Tulirudi wawili, na wawili tukabaki.

Leo nina mume na maneno yangu yasiyotoka, ndiyo maana naelewa. Kreti ile ilikuwa njia ya baba ya kusema, nimekusikia, rudi. Mama aliona watu wasiomhitaji tena. Na kuku yule, ambaye nilimla kwa furaha, kwao mama huchinjiwa mgeni, na firigisi hupewa mgeni wa heshima. Baba alilijua hilo tangu sahani ilipowekwa mezani. Alikula firigisi yake yote, akamshukuru mama kwa heshima, kama mgeni anavyopaswa kufanya.